Samahani Iliyofungua Simu ya Bit-na

Sauti ilikuwa yangu... ila mdomo ulikuwa wa Bit-na!

Nilikuwa kibandani kwa mama yangu, sokoni Suwon, nafunika ndoo za kimchi, kabichi yetu ya pilipili. Jirani akawasha runinga. Bit-na, binti niliyelala naye chumba kimoja miaka minne, tukifundishwa kuimba na kucheza, alikuwa jukwaani anashangiliwa na nchi nzima... kwa koo langu!

"Mama, huyo anayeimba ni mimi!"

Mama akatazama runinga, akanitazama na mimi.

"Da-som, wivu utakuua, mwanangu."

Nyie! Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe. Kesho yake akabandika picha ya Bit-na kibandani. Ikakaa pale miaka saba, nami naitazama kila nikienda kumsalimia.

Ilikuwa hivi. Kampuni ya muziki iliyokuwa ikitufundisha iliniita nirekodi "mfano", eti Bit-na ajifunzie. Ikaletwa karatasi nisaini. Nikasita. Bit-na mwenyewe akanishikisha kalamu.

"Saini bana, shosti. Karatasi tu za studio hizo."

Nikasaini. Kumbe nimejifunga miaka kumi! Nisiuimbe wimbo ule hadharani, wala nisitamke kwamba sauti ni yangu. Nikithubutu, mahakamani. Wiki ileile wakanitimua.

Nikaenda kusomea umeme, nikapata kazi kiwanda cha chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha simu. Miaka saba ikapita, kampuni yetu ikatengeneza chipu ya simu inayomtambua mwenye simu kwa sauti. Uimbe, unong'one, utukane, yenyewe inatambua koo lako tu. Mtu mwingine hata akeshe anaibembeleza, haifunguki.

Fundi wa kuijaribu nilikuwa mimi.

Na staa wa kuitangaza? Mmeshamjua!

Akaja kiwandani kupiga picha za tangazo, na meneja, na watu watatu wa kumpaka poda. Sisi chumba cha chipu tunavaa nguo nyeupe kichwa hadi mguu, yanabaki macho tu. Na vipodozi ni marufuku, kwa sababu vumbi la poda linaua chipu.

Bit-na akang'aka. "Ninawe uso? Mnajua uso huu una bima?"

Nikamwonyesha bomba. "Maji yale pale, dada."

Akaganda!

Uso wangu hakuuona. Ila sauti ile ameisikiliza masikioni miaka saba, akiifuatisha kwa midomo. Akanivuta pembeni.

"Da-som?"

"Nawa uso, dada. Watu wanasubiri."

"Sikiliza wewe. Mkataba bado una miaka mitatu. Imba hata mstari mmoja, au sema ni wewe, uone. Na kile kibanda cha mama yako kitauzwa kulipa fidia!" Akacheka. "Halafu mama yako ananipenda sana. Aliniandikia barua."

Akanawa. Akapiga picha. Akaondoka.

Mimi nikabaki na lile neno la barua limenikaa kifuani. Nikaapa atalipa.

Sasa, simu ya Bit-na ilitakiwa kusajiliwa sauti yake kabla ya uzinduzi. Nikaiandikia kampuni yake: mwenye simu aje mwenyewe. Wakajibu hana nafasi. Nikaandika mara ya pili, nikawapa nakala na mabosi wangu. Wakajibu kwa kiburi: "Tunawatumia sauti yake ya studio. Sauti ni ileile."

Nikafungua faili. Koo langu, la miaka saba iliyopita!

Ningeweza kuwaonya mara ya tatu? Ningeweza. Sikutaka! Nikasajili nilicholetewa, nikanywa kahawa yangu taratibu.

Siku ya uzinduzi, saa nane mchana, ukumbi wa Seoul umefurika. Mashabiki na taa zao mkononi, runinga zinarusha laivu. Bit-na akainua simu, tabasamu hadi masikioni.

"Simu yangu, funguka!"

Wapi!

Kwenye skrini kubwa nyuma yake yakatokea maandishi: SAUTI HII SI YA MWENYE SIMU.

Watu wakacheka kidogo, wakadhani ni sehemu ya shoo. Akajaribu tena. Yaleyale. Akaimba kiitikio, bila muziki. Jamani... mbuzi aliyekanyagwa! Mashabiki wakaanza kutazamana.

Mshereheshaji jasho linamtoka. "Fundi! Fundi yuko wapi?"

Nikapanda jukwaani. Mfanyakazi wa kwetu, mtambo ukiiaibisha kampuni, anafanya kitu kimoja tu. Nikainama hadi kiunoni, nikasema kwenye kipaza sauti:

"Samahani sana."

Simu ikalia. Skrini ikaandika: KARIBU, BIT-NA.

Ukumbi mzima ukasimama!

Simu ikajifunga. Nikainama tena. "Samahani kwa usumbufu."

KARIBU, BIT-NA.

"Funga mdomo wako!" Bit-na akafoka, akasahau kipaza sauti kiko wazi.

"Samahani, dada."

KARIBU, BIT-NA!

Shabiki mmoja wa mbele akazima taa yake. Na wa pembeni yake. Zikazimika safu kwa safu, na Bit-na anaziangalia. Nilifurahi, siwafichi. Nilifurahi sana!

Nyuma ya jukwaa mwanasheria wa kampuni ya Bit-na akanirukia.

"Umevunja mkataba!"

"Nimeimba?"

"...Hapana."

"Nimesema sauti ni yangu?"

Akaupekua mkataba, akaufunga.

"Nimeomba radhi tu, mheshimiwa. Na barua mbili za kuwaonya ninazo."

Bit-na kwenye kiti, machozi yanachirizika na wanja. "Da-som, tulilala chumba kimoja..."

"Na kalamu ulinishikisha wewe."

Nikatoka zangu. Nje simu ikaita. Mama.

Hakusema haloo.

"Umekula?"

"Bado."

Nyuma yake nikaisikia runinga ile ya jirani, inarudia samahani yangu ya jukwaani.

"Da-som... samahani."

Neno lilelile! Sikumjibu haraka. Nilimwacha alisikilize kidogo, maana nami nilisubiri miaka saba.

"Ile picha umeibandua?"

"Nimeifungia figili za mteja."

Hapo ndipo nikalia, nyie.

Njia ya mwongo ni fupi. Na wewe uliyeiba kitu cha mwenzio, basi hata usijue kukitunza? Unakirudishaje mkononi mwa mwenyewe, tena kwa kiburi, unamwambia akusajilie?