Kibiriti na Ukurasa Ulioibwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha hodi, Kibiriti alifagia saluni ya mama yake. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ilikuwa na kioo kirefu ukutani, rafu ya vitana na mafuta, mafungu ya rasta yaliyoning'inia kwenye misumari, na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimegoma kuzunguka siku nyingi. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini nyumbani walimwita Kibiriti tangu utotoni, maana hakukawia kuwaka.

Kufagia hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba wakati yeye ameinama na ufagio, binamu yake alikuwa amesimama dirishani na simu ya Mama mkononi.

Binamu huyo, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuja kuishi nao mama yake alipokwenda mji mwingine kusomea uuguzi. Yeye na Kibiriti walikuwa na umri mmoja, miaka kumi na miwili. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Mwanzoni hata sauti yake ilikuwa adimu. Kisha siku moja aliomba ruhusa ya kumpiga picha mteja aliyesukwa vizuri. Akamgeuza mteja kidogo upande wa mwanga, akafuta kioo kwa kitambaa, akapiga. Mama akaiweka picha hiyo kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, ambao ulikuwa umelala tangu ufunguliwe. Haukupita muda, watu wasiofahamika wakaanza kuja wakiishika simu juu na kusema, "Fundi, nataka kama hii."

Basi Mama akampa binamu kazi ya kuutunza ukurasa. Wateja wakambandika jina la Bi Picha, na kila walipomwita hivyo Kibiriti alisukuma ufagio kwa nguvu.

"Huyu mtoto ana jicho," alisema mteja mmoja Jumamosi ile.

"Ana jicho na ana utulivu," Mama alijibu huku vidole vyake vikienda mbio. "Simu yangu nampa bila wasiwasi."

"Na mimi je, Mama?" Kibiriti aliuliza.

"Wewe nipe kile kitana cha mkia."

Wateja wakacheka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na Mama alimtabasamia hata alipokipokea kitana. Lakini Kibiriti alirudi kwenye ufagio wake akijisemea kwamba huyu ni mama yangu mimi, si wake. Yeye anaye wa kwake.

Muda mfupi baadaye Bi Picha alitoka kwenda uani kuanika taulo. Simu ilibaki kwenye rafu, karibu na chupa za mafuta. Ikalia mlio mfupi. Kibiriti akachungulia.

"HONGERA," ujumbe ulisema. "Ukurasa wako umechaguliwa kupewa alama ya heshima na kuonyeshwa kwa watu wengi zaidi. Bonyeza kiungo hiki na uthibitishe sasa hivi. Ukichelewa, ukurasa utafungwa."

Alikumbuka kwamba Bi Picha huwa habonyezi kiungo chochote kinachotumwa na mtu asiyemjua, na kwamba mwalimu wao wa darasa aliwahi kuwaonya. Lakini siku zote Kibiriti aliona ni kujitia ujuzi tu. Sasa akilini alimwona Mama akisimulia kwa wateja, "Alama hii aliileta binti yangu." Binti yangu. Maneno hayo aliyasikia kabisa, kama vile yameshatamkwa.

Akabonyeza.

Ukafunguka ukurasa unaofanana na ule wa mtandao wenyewe, rangi zilezile, maandishi yaleyale. Ukaomba nywila. Kibiriti aliijua, akaiandika. Kisha ujumbe mfupi ukaingia kwenye simu ukiwa na tarakimu, na chini yake onyo kwamba tarakimu hizo asipewe mtu yeyote. Kule kwenye ukurasa wakaziomba. Alisita. Akasikia hatua za Bi Picha zikirudi kutoka uani, akaziandika haraka haraka.

Kioo cha simu kikawa cheupe. Kibiriti akairudisha simu pale pale rafuni, akashika ufagio.

Mchana huo Bi Picha alijaribu kuweka picha mpya, akashindwa. "Mama Mdogo, naambiwa nywila si sahihi," alisema. Mama alidhani mtandao una matatizo. Jioni ndipo simu zilipoanza kuingia. Mteja wa kwanza aliuliza mafuta yake ya kukuza nywele yatafika lini. Wa pili alisema ameshatuma malipo na hajibiwi. Wa tatu, bibi harusi mtarajiwa ambaye Mama alikuwa amsuke wiki ijayo, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Fundi, sikukutegemea hivyo," akakata simu.

Mama hakuwa na mafuta yoyote ya kuuza. Aliazima simu ya jirani, akaufungua ukurasa wake, akaona picha yake mwenyewe akitabasamu pembeni ya chupa asizozijua. Akakaa kwenye kile kiti kilichogoma kuzunguka.

"Wewe ndiye unayeishika simu," hatimaye alimwambia Bi Picha. "Ulibonyeza nini?"

"Sikubonyeza kitu, Mama Mdogo."

"Kuna mtu kaingia. Mlango haujifungui wenyewe." Mama hakupaza sauti. Alichukua simu, akaitia kwenye mfuko wa aproni yake. "Kuanzia sasa itakaa kwangu. Kesho nitazungumza na mama yako."

Kibiriti alikuwa mlangoni. Ukweli ni kwamba alifurahi kwanza. Jambo alilolitamani kwa muda mrefu lilikuwa limetokea mbele ya macho yake, Bi Picha kunyang'anywa simu. Wakati wa kula alikaa karibu na Mama, akamwongezea maji kwenye glasi, akangoja Mama amtazame. Mama hakumtazama. Alikuwa akiangalia sahani ya Bi Picha ambayo haikuguswa.

Asubuhi yake, Jumapili, Kibiriti alimkuta binamu yake chumbani akikunja nguo zake na kuzipanga kwenye begi.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Mama Mdogo akiniambia niende, niwe tayari." Alinyoosha mikono ya sweta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimefikiri sana. Labda kweli nilibonyeza. Labda niligusa bila kujua nikasahau. Mtu anaweza kusahau kitu kama hicho?"

Kama Bi Picha angelia au angemlaumu mtu, ingekuwa nafuu kwa Kibiriti. Lakini kumwona anajitafutia kosa asilokuwa nalo, na kulikubali, kulimtoa jasho. Aligeuka akaenda moja kwa moja saluni.

Mama alikuwa akimsuka mteja wake wa siku nyingi, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imekwisha, imelala vizuri. Nusu nyingine ilikuwa imesimama kama imeona nyoka. Mama hakuwa amemwambia lolote, kwa aibu.

"Mama," Kibiriti alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyebonyeza. Bi Picha alikuwa anaanika taulo." Akaeleza yote, ujumbe, nywila, tarakimu. Alipofika kwenye sababu alikwama, kisha akaisema pia. "Nilitaka uone kwamba na mimi naweza. Unamsifu yeye tu."

Vidole vya Mama vilisimama. Alimtazama binti yake kwa muda, na uso wake ulionyesha hasira, na kitu kingine zaidi ya hasira.

"Kamwite binamu yako," alisema.

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono. "Ya kugombezana mtayamaliza baadaye. Nipe hiyo simu, Fundi. Nywila yako ilikuwa ipi?"

"Siku na mwaka aliozaliwa huyu hapa," Mama alisema, akimwonyesha Kibiriti kwa kitana. "Ndiyo ninayotumia kila mahali, hata kwenye barua pepe."

Kibiriti aliinamisha macho. Kwa haraka yake aliiandika nywila ile bila hata kufikiri ni tarehe ya nani.

"Ni mapenzi mazuri, lakini ni nywila mbaya," Mwalimu alisema. "Tarehe ya kuzaliwa hubashiriwa upesi. Na ufunguo mmoja ukifungua vyumba vyote, mwizi akiupata amepata nyumba nzima. Tuwahi barua pepe kabla hawajaifikia."

Waliwahi. Mwalimu alimfanya Mama atunge nywila mpya, ndefu, ya maneno kadhaa yasiyohusiana, yeye mwenyewe akiangalia pembeni asiione. Ndani ya barua pepe walikuta taarifa kwamba nywila ya ukurasa imebadilishwa. Ilikuwa na kiungo cha kubonyeza ikiwa si mwenyewe aliyeibadilisha.

"Ujumbe huu ni wa kweli au wa uongo?" Bi Picha aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Swali zuri. Huenda ni wa kweli, lakini hatubonyezi kiungo chake. Tunaingia wenyewe kupitia programu ya mtandao, kwenye sehemu ya msaada. Ukipigiwa simu kwamba benki inakuita, nenda benki mwenyewe, usimfuate aliyepiga."

Alipokuwa akijaza maombi ya kurudishiwa ukurasa, na Mama akipigwa picha ya uso kuthibitisha kuwa ni yeye, Kibiriti aliuliza kama simu sasa ina kirusi, na kama itawaambukiza wateja.

Mwalimu alicheka hadi ile nusu ya nywele ikatikisika. "Haitakohoa, usiogope. Kirusi ni aina moja ya programu hasidi, yaani programu iliyotengenezwa ili kuharibu au kupeleleza. Hiyo huingia, kwa mfano, ukipakua vitu ovyo. Yenu si hiyo. Ninyi mmefanyiwa ulaghai wa kunasa nywila. Mtu anajifanya mtandao, benki au hata ndugu yako, ili umpe siri kwa mkono wako mwenyewe. Zile tarakimu zilikuwa ufunguo wa kufuli la pili. Mwenye nywila peke yake asingeingia. Ndiyo maana wakaziomba."

"Kwa hiyo hawakuvunja chochote?"

"Hawakuvunja. Wanatuma ujumbe uleule kwa maelfu ya watu, kisha wanangoja. Mmoja atabonyeza kwa sababu ana hofu ya kufungiwa, mwingine kwa tamaa ya zawadi. Na wote wanaambiwa waharakishe, maana mtu akitulia atauliza mtu. Ungemwambia mama yako jana ileile, tungewapokonya kabla hawajamtapeli yeyote."

Mchana ule walianza kusafisha jina. Mama aliwapigia wateja mmoja mmoja. Walipokuwa wagumu, Kibiriti aliomba simu. Kuongea alijua, hilo hakuna aliyewahi kumnyima. "Shikamoo, mimi ni binti wa Fundi," alisema. "Ukurasa wetu umeibwa, na kosa ni langu, si la Mama. Tafadhali usilipe kitu huko, na mwambie na mwenzako." Alirudia maneno hayo mpaka sauti ikakauka. Kwa waliokwisha kulipa, Mama alimwelekeza awaambie watoe taarifa polisi, na kwamba watasukwa bure. Bibi harusi alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja.

Kabla ya kulala, Kibiriti aliingia chumbani, akatoa sweta kwenye begi na kulirudisha kabatini. "Nisamehe," alisema. "Ungesema mwenyewe jana," Bi Picha alijibu. Kisha akasogea, Kibiriti apate nafasi ya kukaa.

Ukurasa ulirudishwa siku chache baadaye. Jumamosi iliyofuata wateja walijaa tena, na mmoja wao alipoona picha mpya akasema kwamba Bi Picha ni mtoto wa ajabu. Kibiriti akajikuta anasukuma ufagio kwa nguvu tena, kama vile hakujifunza lolote. Aliogopa. Saluni ilipotulia alimfuata Mama aliyekuwa akiosha vitana.

"Mama, bado naona wivu."

Mama alijifuta mikono. "Nilikosea nilipomtupia mwenzako lawama bila kuuliza, na kwako nilikosea kudhani unajua kwamba nakuona. Hilo nitalirekebisha. Lakini sikiliza, mwanangu. Wivu humpata kila mtu, mimi pia. Ukiuficha moyoni, unakuwa mlango ulioachwa wazi, na atakayeingia si lazima awe rafiki. Wale wezi hawakukujua jina wala sura. Walikuahidi tu kile ulichokuwa unakitamani bila kumwambia mtu. Siku nyingine ukitumiwa ujumbe unaokufurahisha mno au kukutisha mno, njoo uniulize. Na moyo ukikuchoma, njoo vilevile, kama ulivyokuja leo."