Kihisi Kilichokwisha Muda

Kila asubuhi, kabla hajaonja mayai na tortila, chapati nyembamba za mahindi, Noemi Archuleta alitazama simu yake kwanza. Humo aliona kiwango cha sukari mwilini, kilichosomwa na kihisi, kidude kidogo kilichobandikwa mkononi mwake. Alikuwa na kisukari tangu chekechea, na tarakimu hizo alizizoea kama uso wa baba yake.

Sasa muda wa kihisi kile ulikuwa umekwisha. Kabatini kilibaki kimoja tu, na watu wa bima walikuwa wakichelewesha vingine. Noemi alimsikia baba akiwabembeleza kwenye simu kwa sauti iliyochoka, akamhurumia. Basi akatafuta mtandaoni programu isiyo ya kiwanda, inayokifanya kihisi kilichokwisha muda kiendelee kusoma, akaiweka kwenye simu yake. Baba alipomuuliza kama amebandika kipya, alijibu kwamba amebandika.

Jumamosi walikuwa wakiuza pilipili katika soko la mji wa Pueblo. Baba, mzee Anselmo, alichoma pilipili mbichi katika pipa la waya linalozunguka motoni, na Noemi akazitia mifukoni. Mikono ikaanza kumtetemeka. Akatazama simu, nayo ikasema sukari iko juu sana. Akatoa kalamu ya insulini, dawa ya kushusha sukari, ili ajichome.

Baba aliona jasho juu ya mdomo wa bintiye. Akazima moto, pilipili zikiwa hazijaiva, akamshika mkono taratibu.

"Ngoja, mama. Nipe kidole kwanza."

Akamtoboa kidole kwa kisindano, akapima. Tone la damu lilisema kinyume: sukari ilikuwa imeshuka mno. Angejichoma, angezimia palepale. Baba akamnywesha juisi ya tufaha, akaketi naye juu ya magunia mpaka akatulia. Hapo Noemi akaeleza yote huku akilia.

"Nilitaka usihangaike tena, baba."

Baba hakumkemea. Alimpangusa uso kwa kona safi ya aproni yake. Walibandika kihisi kipya siku hiyohiyo, na Jumatatu wakamweleza muuguzi wa kliniki ukweli wote. Muuguzi akawapa vihisi vya akiba, akaahidi kuwasukuma watu wa bima yeye mwenyewe.

Njiani kurudi, baba alisema, "Waliotengeneza programu ile huenda walibanwa kama sisi, siwalaumu. Lakini kihisi kilichochoka husema lolote. Mwili ukikwambia hivi na simu vile, pima kidole. Na kuhangaika kwa ajili yako, Noemi, ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Usininyang'anye kwa uongo."