Mlango wa Abiria

Jumamosi ya kwanza yenye jua mwezi wa Machi, Hamburg nzima hukumbuka kwamba ina magari. Miezi yote ya baridi watu wameyaacha na chumvi na tope, leo kila mtu anataka la kwake ling'ae kabla ya mchana. Foleni ya kwa waosha magari pale Altona ilikuwa imefika barabarani. Mbele kabisa, kwenye kibanda cha kujioshea mwenyewe, mwanamke mmoja alikuwa akipangusa gari jekundu la spoti, la milango miwili na viti viwili, taratibu, kana kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Nyuma yake alikuwapo Henning Brarens, ndani ya pikapu yenye ngazi juu. Akapiga honi, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Dada, unaliosha au unalibembeleza lilale?"

Mwanamke hakugeuka. "Ukiwa na haraka, mashine ile pale. Inakwaruza rangi, ila kwa hilo lako hakuna atakayegundua."

Foleni ikacheka. Henning naye akacheka, akashuka. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mabega mapana ya mtu aliyeanza kwa kubeba vigae begani kabla ya kuwa na kampuni yake ya kuezeka mapaa. Mwanamke alivaa koti la mvua la njano, nywele kazifunga kwa skafu ya kiume, na midomo kaipaka rangi nyekundu ileile ya gari. Henning aliiangalia midomo, akaliangalia gari, akarudi kwenye midomo.

"Linauzwa?"

"Yangu yote yanauzwa. Naitwa Gesine Ohlendorf. Nina yadi kule karibu na madaraja ya Elbe, magari ya spoti yaliyotumika, hayo tu."

"Shilingi ngapi?" Naandika shilingi kwa mazoea yangu, wao wanahesabu yuro.

"Kasoro kwanza, bei baadaye," alisema Gesine. "Gia ya pili inagoma injini ikiwa ya baridi. Kiti cha dereva kimechubuka ubavuni. Dirisha la kushoto linapiga mluzi ukikimbia. Rangi ni ya kiwandani pande zote, halijawahi kuguswa."

"Unauza au unafukuza wateja?"

"Anayefukuzika na aende."

Henning akaegemea ukuta. "Na wewe, bibie, kasoro zako ni zipi?"

"Nina mtalaka mmoja. Na ninakula mkate wa samaki kitandani. Za kwako?"

"Nakoroma."

"Basi?"

"Na dansi sijui."

Hapo ndipo pa kumtaja Imke, mke wa Henning. Nafasi ilikuwepo, maana hata foleni ilikuwa haijasogea. Hakumtaja.

Na laiti angejua alikuwa anazungumza na nani. Huyo mtalaka wa Gesine aliwahi kumuuzia nesi mmoja gari lililokwisha kupinduka, akamwambia ni zima, na jina lililokuwa limeandikwa juu ya lango la yadi lilikuwa la Gesine. Nesi alirudi na shingo iliyofungwa bandeji. Gesine alimrudishia pesa zake zote, kisha akamtoa mume nyumbani. Tangu siku hiyo alichokitaka kwa mwanamume kilikuwa kimoja tu: aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Ikishindikana, basi aseme akiulizwa.

Wiki iliyofuata Henning alikwenda kulijaribu gari. Akaenda tena. Akapiga simu.

"Nimeliota lile gari."

"Gari tu?"

"Kulikuwa na mtu kando yangu, ana koti la njano. Sikumwona uso."

"Mwambie huyo mtu akupe bei, mimi bado nalikagua."

Alikuwa halikagui hata kidogo. Alijua siku Henning atakapolinunua hatakuwa na sababu ya kuja tena, kwa hiyo kila alipokuja, Gesine alikuwa amelivumbulia gari ugonjwa mpya: leo breki, kesho mkanda, keshokutwa sauti fulani ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye. Fundi wake wa siku nyingi, mzee Detlef, alichoka.

"Gesine, endelea kulitafutia maradhi hilo gari, litaugua kweli."

"Wewe kaza nati, mzee wangu."

"Nati zimekaza. Aliyelegea ni mwingine."

Mwishoni mwa Aprili miti ya cheri ilichanua ng'ambo ya mto. Walivuka na gari, madirisha wazi, lile la kushoto linapiga mluzi wake. Walisimama kwenye tuta la mto, wakanunua keki ya cheri kwa mama mmoja mwenye meza barabarani, wakala kwa mikono. Henning alimfuta makombo mdomoni, kisha akambusu palepale alipomfuta. Gesine aliziacha nywele zipeperuke, hakuzifunga tena siku ile.

"Henning, nakuuliza mara moja tu. Una mtu?"

"Sina."

Mjue jinsi alivyojihesabia haki. Mwaka mzima alikuwa akilala kwenye chumba cha juu, chini ya paa, na Imke chini. Walichozungumza ni zamu ya kutoa takataka na nani anunue maziwa. Kwa hesabu zake hakuwa na mtu. Mimi nauita uongo, na wa kitoto, kwa sababu mwenyewe alimeza mate kabla ya kuutoa.

"Basi gari limepona," alisema Gesine. "Njoo ulichukue."

Siku ya kumkabidhi mtu gari, Gesine ana desturi yake. Gari hufunikwa kitambaa cheupe, utepe juu, shampeni mezani, mwenye gari anavuta kitambaa na anapigwa picha. Siku hiyo alivua ovaroli, akavaa gauni la kijani lililombana kiunoni na viatu vya kisigino ambavyo Detlef hakuwahi kuviona. Alikuwa amepanga kukaa kiti cha abiria, waende mpaka baharini.

Asubuhi ileile, mezani, Imke alimwambia mumewe: "Nitakuja nawe. Nataka kuliona likifunuliwa."

Maskini Imke. Aliposikia gari la viti viwili alidhani viti hivyo ni vyao, yeye na mume wake, na kwamba hii ndiyo namna ya Henning kuomba waanze upya. Alikwenda hata kutengeneza nywele. Henning alijifungia chooni, akapiga simu kwa Gesine, akapiga tena na tena. Simu ililia ndani ya mfuko wa ovaroli, kwenye msumari nyuma ya mlango.

Walipoingia yadini wawili, Gesine alikuwa ameshika glasi mbili.

"Wewe ndiye Gesine," alisema Imke akinyoosha mkono. Alikuwa mrefu, mwenye miwani na koti la kijivu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli. "Mume wangu hana habari nyingine nyumbani ila gari hili."

Gesine aliweka glasi chini ili apate mkono wa kumpa. Henning alitazama sakafu.

"Karibuni," alisema Gesine. "Vuteni kitambaa, mmoja huku mmoja huku."

Wakavuta. Imke akacheka kwa furaha. Gesine alimweleza kasoro zote, moja baada ya nyingine, gia, kiti, dirisha, kwa sauti ileile ya siku zote.

"Mumeo anazijua," alimaliza.

"Hakuniambia hata moja," alisema Imke.

"Sogeleaneni kidogo. Hapo. Tazameni huku."

Akawapiga picha. Walipotoka langoni Imke alipunga mkono, na Gesine naye akapunga. Kisha akaimwaga shampeni kwenye sinki la gereji, akarudi kwenye ovaroli yake, na humo akakuta simu yake na simu zote za Henning ambazo hakuzipokea. Aliumia zaidi kwa kuziona. Detlef alikunja kitambaa.

Jioni Henning alipiga.

"Mpenzi, nisikilize. Mimi na Imke tumeshakwisha, ni nyumba tu..."

"Nilikuuliza kwenye tuta."

"Niliogopa ungeondoka."

"Ningeondoka, ndiyo. Ungenifuata na ukweli wako, labda ningerudi. Usinipigie tena."

Akakata, na hakupokea tena kiangazi chote. Watu walinunua magari, yeye akawatajia kasoro, akala mkate wake wa samaki kitandani, na alilia zaidi ya alivyopenda.

Sasa nisikilizeni hili, maana Gesine hajalisikia mpaka leo. Mwezi wa Agosti, Henning alifanya jambo la kiume. Imke alikuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba, yeye akashuka garini, akasema bila kuulizwa:

"Imke, nampenda mtu mwingine. Ni yule wa yadi. Nilimdanganya yeye na nikakudanganya wewe. Chukua nyumba, mimi naondoka."

Imke alikuwa ameshika chungu cha maua. Akamrushia. Hakikumpata yeye, kilipata mlango wa gari, upande wa abiria, kikaubonyeza na kuacha shimo la ukubwa wa sahani. Kisha Imke akakaa chini kwenye changarawe katikati ya udongo na petali, akalia kwa sauti, majirani wakachungulia. Shimo hilo ndilo lililokuwa shahidi wa ukweli pekee ambao Henning Brarens aliutamka mwaka ule.

Alilipeleka kwa fundi wa kunyoosha bodi nje ya mji, wa bei mbaya, na fundi akamwambia: "Nimelipiga rangi hata aliyelitengeneza hatajua." Henning akaamini.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, gari lake likikaribia kumaliza namba zake za msimu, zile zinazoliruhusu barabarani mpaka Oktoba tu, alimpigia Detlef. Anataka kuliuza, na anataka kuonana na Gesine. Yeye na Imke wameshaachana.

"Utampokea?" Detlef alimuuliza Gesine.

"Mwambie aliache hapa asubuhi, ulikague kama tunavyokagua yote. Yeye mwenyewe arudi kuniona mchana."

Asubuhi hiyo Detlef alizungushia gari kipima rangi, kile kidude kidogo kinachobandikwa kwenye bati kupima unene wa rangi. Akaja ofisini anafuta mikono.

"Mlango wa abiria umepigwa rangi. Kazi safi sana, ila kipimo kimeruka. Uligongwa."

Chini ya koti lake Gesine alikuwa amevaa gauni la kijani, na Detlef aliliona, akajifanya hajaliona.

"Usimwambie chochote," alisema Gesine. "Nataka aseme mwenyewe. Akisema, Detlef, nampokea. Hata kama alikuwa amelewa, hata kama aligonga ng'ombe. Nimechoka kuwa peke yangu na hasira."

Mchana Henning alirudi kwa treni, amekonda, kanyoa ndevu vibaya. Alimkuta amesimama kando ya gari.

"Umependeza," alisema.

"Umekonda."

"Nimehamia chumba kimoja juu ya duka la mikate. Nyumba nimemwachia Imke. Gesine, sikuja kwa ajili ya gari. Nimekuja kukuomba unichukue. Ukitaka kunioa wewe, nioe."

Gesine alicheka kidogo, akageuza uso. Akamshika mkono, akauacha wake humo kitambo.

"Gari kwanza," alisema kwa upole. "Ni kazi yangu. Gia ya pili?"

"Bado inagoma."

"Dirisha?"

"Linapiga mluzi. Nimelizoea, nalipenda."

"Limewahi kugongwa? Kupigwa rangi popote?"

Henning aliutazama mlango. Akamwona Imke kwenye changarawe, petali kichwani, majirani madirishani. Akasema moyoni, nikitaja mlango nitaulizwa ilikuwaje, nikisema ilikuwaje nitaonekana mwanamume anayeliza wanawake mbele ya nyumba zao, na leo ndiyo siku ya kuonekana safi.

"Hapana," alisema.

Gesine alimkazia macho. "Fikiri vizuri, Henning. Chochote, hata kidogo. Sitakasirika."

"Hapana, mpenzi. Liko kama ulivyonipa."

Mkono wa Gesine ulitoka mkononi mwake. Haukutoka kwa ghafla, ulitoka kama wa mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Aliingia ofisini, akampa bei ya gari lisilowahi kuguswa, hakupunguza hata senti. Detlef akafungua vibao vya namba za gari, akampa Henning avishike kwapani.

"Tutaonana jioni?" aliuliza Henning.

"Hapana."

"Kesho?"

"Nenda nyumbani, Henning."

"Kwani nimefanya nini sasa? Nimeacha kila kitu."

"Najua umeacha," alisema Gesine. "Nenda tu."

Alikwenda. Pale kituoni alikaa na namba zake kwapani, treni zikapita, akitafuta kosa lake, na hakulipata.

Machi ilirudi, na jua lake, na foleni kwa waosha magari. Binti mmoja mfamasia kutoka Kiel alisimama mbele ya gari jekundu, mikono mifukoni, macho yanang'aa.

"Ni bei gani, dada?"

"Kasoro kwanza. Gia ya pili inagoma ikiwa ya baridi. Kiti cha dereva kimechubuka. Dirisha la kushoto linapiga mluzi. Na mlango wa abiria umepigwa rangi upya."

"Kulitokea nini?"

"Sijui. Aliyeniuzia alisema halijaguswa."

Binti aliupapasa mlango. "Labda kilikuwa kitu kidogo tu."

"Kingekuwa kidogo, angesema," alijibu Gesine, kisha akamtajia bei.