Seneta Haugen, Upo?

Walikutana kwa kugongana. Korido ya bunge la jimbo la Oregon, Marekani, ilikuwa imefurika madereva wa malori ya magogo, na kahawa ya Marit ikamwagikia shati jeupe la mwanamume mwenye buti za msituni.

"Pole jamani, kaka!"

"Usijali. Shati lenyewe lilikuwa linaringa mno."

Marit akacheka mpaka akaona haya. Yeye ndiye karani aliyeita majina ya maseneta kila asubuhi. Mwanamume huyu, Dell Haugen, alikuwa seneta mpya, mtoto wa wakata miti. Haikuchukua muda, pete ya uchumba ikawa kidoleni mwa Marit.

Kilichowagawa ni muswada wa kupunguza gesi zinazoichemsha dunia. Moto wa msituni ulikuwa umeteketeza nyumba ya mama yake Marit, na mama hakutoka. Dell naye alihofia viwanda vya mbao vya kwao vitafungwa.

"Nitaupinga, laazizi," aliahidi, "lakini nitaupinga nikiwa nimekaa kitini kwangu."

Asubuhi ya kura, viti vya upande wa Dell vyote vilikuwa vitupu. Yeye na wenzake walikuwa wamevuka mpaka kwenda jimbo jirani la Idaho, ambako polisi wa Oregon hawana mamlaka ya kuwakamata na kuwarudisha. Bila wao akidi haitimii, na bila akidi hakuna kura.

"Seneta Haugen, upo?"

Marit akaliwekea jina alama. "Hayupo."

Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka Dell akapiga simu.

"Nakusikiliza kwenye matangazo ya bunge, mpenzi. Hakuna anayelitamka jina langu kama wewe."

"Basi njoo uliitikie! Dell, nakuomba. Kikao kinafungwa kesho."

"Wenzangu watanitafuna mbichi. Njoo wewe huku, tufunge ndoa."

"Nimekuuliza, unakuja?"

Kesho yake Marit alivaa gauni la bluu alilolipenda Dell, akaita jina lile macho yakiwa mlangoni. Akaliita tena, jambo lisiloruhusiwa. Hakuna aliyemkemea.

"Hayupo."

Nyundo ya kufunga kikao ikagonga, muswada ukafa. Nje madereva wa malori ya magogo wakapiga honi za shangwe, na Marit akaona kama wanamzika mama yake kwa vigelegele.

Simu ikaita akiwa ngazini.

"Yamekwisha, mpenzi! Niko njiani, nakuja kwako. Marit? Marit, upo?"

Akaivua pete. Akajibu kwa sauti ileile ya ukumbini:

"Hayupo."