Gari la Dokta

Siku ile duka la magari lilijaa watu waliokuja kula vitafunio vya bure na kupiga picha na magari wasiyoweza kuyanunua. Muuzaji wa dawati la kwanza alikuwa akipenya katikati yao, sketi ya sare imembana, viatu vyekundu vinamuuma, mkononi sinia la vipande vya ngozi vya kuchagulia rangi ya viti. Bwana mmoja mwenye suti ya kijivu akarudi nyuma bila kuangalia. Wakagongana, ngozi zote zikamwagika, wakainama pamoja kuziokota. Bwana akachukua kipande cha kahawia, akakilinganisha na mkono wa dada.

"Nataka viti vya rangi hii."

"Ya ngozi au yangu?"

"Yoyote itakayowahi kufika."

Alikuwa daktari wa meno, mikono laini, inanukia sabuni. Kabla duka halijafungwa alishaagiza gari la kasi la kuundwa kwa ajili yake peke yake, rangi yake, usukani wake, hadi uzi wa kushonea viti. Dada alimweleza utaratibu: kiwanda kiko mbali, foleni ni ndefu. Mteja anaruhusiwa kubadili chochote mpaka oda ifungwe, ila kila akibadili anarudishwa mkiani. Dokta akacheka, akasema yeye ni mtu wa msimamo.

Kusubiri huko ndiko kulikowaunganisha. Dokta alianza kupiga simu kuulizia gari, kisha kuuliza kama muuzaji amekula, mwishowe gari likasahaulika kabisa kwenye mazungumzo. Akambatiza jina Malkia. Wakawa wanakula sahani moja, wanagombania shuka moja, na asubuhi moja, povu la dawa ya meno likiwa bado mdomoni, Dokta akatoa ahadi.

"Gari likifika tu, Malkia, tunaoana. Nakuja kukuchukua kwa Shangazi nikiwa nalo."

Maskini, akaamini. Shangazi aliyemlea alishona gauni la sherehe mapema, na kila Jumapili alimuuliza gari limefika wapi, kana kwamba linakuja lenyewe kwa barabara. Halikuwa linakuja. Dokta alibadili rangi, nyekundu ikawa kijivu. Baadaye akabadili magurudumu. Malkia aliyaingiza mabadiliko hayo kwenye kompyuta kwa vidole vyake mwenyewe, akijisifu kwamba amepata mwanamume anayejua anachotaka. Mapenzi humfanya mtu zuzu, na huyu alikuwa zuzu aliyehitimu.

Ndipo akaanza kuona jina la Dokta likiwaka kwenye simu ya mwenzake wa dawati la pili, Mama Pacha. Mama Pacha alipokea kwa kunong'ona, akitoka nje. Wivu ukampanda Malkia mpaka chakula kikamshinda. Akaacha kupokea simu za Dokta, maua aliyotumiwa akayaweka chooni kwa wateja. Alipochoka kuumia kimyakimya, alimfuata Mama Pacha stoo, akamwuliza ameanza lini kumchukulia mchumba wake.

Mama Pacha alicheka, halafu akaona haya.

"Mdogo wangu, mimi na yule hatuna lolote. Ananipigia nimbadilishie vitu kwenye oda. Juzi uzi wa viti. Kabla ya hapo, mfuniko wa tangi la mafuta. Alisema nisikuambie, eti anakuandalia sapraizi."

Heri Dokta angekuwa na mwanamke mwingine. Huyo Malkia angemtukana, roho ikatulia. Alimpigia Dokta palepale, kati ya matairi.

"Dokta, hilo gari unalitaka kweli?"

"Nalitaka sana, mpenzi."

"Mbona unalirudisha nyuma?"

"Likija litakuwa gari tu. Sasa hivi nikifumba macho, hakuna gari duniani linalolishinda."

"Na mimi?"

Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulikuwa hauna huruma.

"Na wewe utakuwa mke tu, Malkia. Si tuko vizuri hivi? Haraka ya nini?"

Kesho yake Dokta alikuja dukani macho mekundu, hajanyoa ndevu, akaomba radhi mbele ya wateja na kuapa hataigusa tena oda. Malkia akamsamehe, akakubali kukumbatiwa. Kisha akarudi kwenye dawati lake na kuifunga oda bila kumuuliza. Kiwanda kilipompelekea Dokta taarifa, alipiga simu.

"Nani kaifunga?"

"Mimi."

"Sawa," alisema, akakata.

Gari likafika. Shangazi alikuja na gauni lake, akakaa mstari wa mbele. Dokta alivuta pazia lililolifunika, akalizunguka gari mara moja, akagusa kiti, akafuta vidole kwa leso.

"Nilidhani ni refu zaidi," alisema.

Kisha akageuka na uso uleule, akapiga goti mbele ya Malkia, pete mkononi. Watu walitoa simu kupiga picha. Shangazi alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha.

Malkia aliutazama ule uso. Jibu la ndiyo lilikuwa ulimini, amelibeba muda wote ule wa kusubiri.

"Inuka, Dokta," alisema taratibu. "Utachafua suruali."

Alitaka Dokta abishe. Alitaka ang'ang'anie pale chini, hata kwa dakika moja. Dokta aliinuka upesi, akajipangusa goti, akauliza funguo ziko wapi.