Mlamba Wembe

Kama una chakula mbele yako, kimalize kwanza ndipo usome. Hadithi hii haina adabu ya mezani, na mimi mwenyewe kila nikiisimulia hunilazimu kutema mate.

Ilianza kwa jambo dogo ambalo mwanamume yeyote mvivu angelifurahia. Asubuhi moja Fundi Rangi aliingia bafuni kuchukua mashine ya kunyolea ndevu za baba yake, akaikuta safi. Jana yake alikuwa ameiacha pale pale kwenye ukingo wa sinki, povu limeigandia na vinywele vyeupe vimejazana chini ya wembe. Sasa iling'aa. Ilikuwa na utelezi kidogo tu kwenye mpini, unaovutika kama ute wa yai. Aliupangusa kwenye suruali yake.

"Mke wangu ni malaika," alijisemea, akaenda kumnyoa mzee.

Huyu Fundi Rangi alikuwa mpaka-rangi hodari. Kuta zake zilinyooka, dari zake hazikudondosha tone. Lakini brashi zake! Zililala na rangi usiku kucha, zikaamka zimekauka kama kuni, naye akanunua nyingine huku akilaumu kiwanda. Kazi aliipenda, kusafisha baada ya kazi alikuchukia, na ugonjwa huo alikuwa nao tangu utotoni.

Baba yake alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kidogo cha stesheni ya reli, mbele ya kipaza sauti, akitangaza treni zinazoingia na zinazotoka. Mji mzima uliijua sauti ile, ingawa wachache waliijua sura yake. Na bado alinyoa kila alfajiri kabla ya zamu, kwa kuwa, alisema, sauti safi haitoki kwenye kidevu kichafu. Kisha kiharusi kikampiga. Kikamchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na sauti yote. Miezi minane ilipita mzee hajatamka neno, amelala chumba cha pili akitazama dari, na mwanawe akimwambia mkewe waziwazi, "Hata akinitukana nitashukuru. Aseme tu."

Angalau kidevu kingeweza kurudishwa kuwa kama zamani. Vinyembe vya plastiki vilimkwaruza mzee na kumwachia vipele, kwa hiyo Fundi alikwenda kwa Bi Nyembe, mama mmoja mwenye ulimi mkali aliyeuza vifaa vya vinyozi, binti wa kinyozi na mjane wa kinyozi.

"Nataka mashine ya bei nafuu, Mama."

"Nafuu ipo. Takataka siuzi." Alimwekea moja kiganjani. "Inakuambia nini?"

"Ni nzito."

"Basi uzito wake ndio utakaonyoa. Wewe mkono wako unaisindikiza tu. Ukiikandamiza umemchinja mzee." Alikizungusha kichwa kikaachana vipande vitatu. "Kwa ngozi ya mzee chukua hii, yenye ukingo mnyoofu usio na meno. Skrubu izunguke bila kukwama wala kucheza. Ukifunga wembe, kingo zitokeze sawasawa pande zote mbili. Ikitokeza upande mmoja, hata wakikupa bure, kataa. Na nyembe chukua paketi tatu za aina tatu. Ngozi yake ndiyo itakayochagua."

"Na kuitunza?"

"Hapo ndipo wanaume mnaponishinda. Wembe mmoja mara tano, basi. Kila ukimaliza fungua vyote, suuza, kung'uta, acha vikauke. Wembe usiufute kwa kitambaa, utaharibu makali na vidole vyako. Mara moja kwa wiki piga mswaki wa zamani na sabuni. Nyembe zilizokwisha zitie kwenye kopo lililozibwa, lenye mwanya tu. Usimwachie mtu mabaki ya mwili wa baba yako."

"Nani atayataka, Mama?" Fundi alicheka.

Bi Nyembe hakucheka. "Wapo wanaokula chochote, mwanangu."

Juma la kwanza alifuata yote, kama mtoto mwenye daftari jipya. Juma la pili kopo lilikuwa mbali na mkono. Tena nyumba ile ya kupanga ilikuwa ya zamani, na kwenye ukuta wa bafu, juu ya sinki, palikuwa na bamba la chuma lenye mwanya mwembamba, ambamo wapangaji wa miaka mingi walitumbukiza nyembe zao zilizochoka zikaangukia ndani ya ukuta. Ya nini kuhangaika na kopo? Alitumbukiza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakujiuliza kwa nini hazikulia chuma kwa chuma zilipotua. Zililia kama kitu kinachoanguka kwenye tope.

Juma la tatu aliacha kusuuza, na mashine ikawa inajisafisha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini mvivu hamwulizi anayemfanyia kazi.

Mzee peke yake ndiye aliyeuliza, kwa macho. Kila mashine ilipomkaribia aligeuza uso ukutani, akaguna, machozi yakamtoka. Fundi alidhani ni haya ya mtu mzima kunyolewa. Alidhani hivyo hata bafu lilipoanza kunuka nywele mbichi, sabuni iliyooza na pumzi ya kinywa kilicholala njaa. Na siku mzee alipogeuka ghafla na wembe ukamchana kidevuni, Fundi alifuta damu kwa kidole, akaomba radhi, akanyamaza. Kidonda hakikufunga. Siku tatu baadaye kilikuwa bado kimeachama, kidogo, chenye majimaji, kingo zake zimevimba kama midomo. Alikifunika kwa plasta ili mkewe asione. Aibu ilimla: mtoto gani anamkata baba yake kwa wembe asiousuuza?

Jumamosi moja mchana walikuwa mezani, yeye na mkewe, mzee amelala.

"Nimesahau kukushukuru," Fundi alisema. "Kwa kunisafishia mashine."

"Mashine gani?"

"Ya Baba. Kila asubuhi naikuta inang'aa."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Mimi nilidhani umepata akili uzeeni. Sijaigusa hata siku moja. Nilitaka kukuuliza unaipaka nini, maana jana niliisogeza ikaniachia ute mkononi."

Walitazamana.

"Basi ni nani?" alinong'ona mkewe.

Kutoka bafuni, mlango ukiwa umefungwa, mchana kweupe, ilisikika sauti ya kitu kinachoramba, taratibu, kwa raha, kama mbwa aliyepewa sufuria.

"Usiende," mkewe alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu, tafadhali, usiende."

Alikwenda. Alisukuma mlango kwa ncha ya kidole, ukafunguka kiasi cha upana wa jicho, na kwa jicho hilo moja aliona ulimi umetoka kwenye mwanya wa ukutani, bapa na wa kijivu, mrefu kuliko mkono wa mtu, umejilaza juu ya sinki na kuizunguka mashine ya baba yake kwa upendo, ukipenyeza ncha yake chini ya wembe na kuchokoa vinywele kimoja kimoja, na juu ya ulimi huo nyembe zote zilizowahi kutupwa ndani ya ukuta ule zilikuwa zimejipachika kama magamba ya samaki, nyingine mpya, nyingine zimeoza kwa kutu, katikati yake yamekwama mabonge ya nywele za watu asiowajua, nyeusi, nyeupe, laini za vijana walioanza kunyoa miaka hamsini iliyopita, na ulimi kila ulipojikunja nyembe ziliuchana, damu nzito ikachuruzika kwenye vigae, nao ukageuka bila haraka ukailamba damu yake wenyewe.

Fundi Rangi alitapika pale pale alipokuwa amesimama. Ulimi ulitulia. Ncha yake ikainuka, ikapapasa hewani, ikateremka sakafuni, ikasogea hadi kwenye matapishi. Ukaanza kuyala.

Bi Nyembe aliitwa, akafika kabla ya saa kumi, na nyundo, ndoo ya majivu na glovu za mpira. Alinusa mlangoni akakunja uso.

"Jini la mabaki," alisema. "Vinyozi wa zamani wote walilijua. Halitaki roho yako wala mali yako. Linataka ukoko wako tu. Nilikwambia kopo, hukusikia."

"Nisamehe, Mama."

"Usiniombe mimi. Niambie ukweli." Alimshika mkono, akamsogeza kando. "Kuna mtu aliyekatwa na wembe ule, baada ya kulambwa?"

Fundi alifungua kinywa. Mkewe alikuwa anamtazama. Aliona akilini plasta ile ikibanduliwa mbele ya macho ya mwanamke aliyemlisha na kumgeuza baba yake kitandani miezi minane bila kumwachia hata mchubuko.

"Hapana," alisema.

"Una hakika? Likitolewa ukutani litakimbilia palipo wazi, penye joto na unyevu. Mficha maradhi, kilio humfichua."

"Hapana, Mama. Hakuna aliyekatwa."

Basi mama yule alipandisha mikono ya gauni, akasoma dua chini chini, akapiga nyundo. Plasta ya ukuta ilianguka vipande. Nyuma yake palikuwa na kiota: nywele za miaka hamsini zilizoshikamana kwa sabuni iliyooza, zimelowa, zina joto, zinapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Walizichota kwa koleo. Kila koleo lilitoa harufu mpya, na mke wa Fundi alitoka mara mbili kwenda kutapika uani. Walimwaga maji yanayochemka, kisha majivu, kisha maji tena, na kutoka ndani ya tofali ukatoka mlio wa koo linalosukutua kohozi. Halafu kitu chenye maji maji kilipita miguuni mwao, hawakukiona, wakasikia tu sakafu ikilowa, kikatokomea ukumbini.

"Limetoka," Bi Nyembe alisema, akijifuta jasho. "Jifunzeni kusuuza."

Nyembe zilichemshwa, zikatiwa kwenye kopo, kopo likafungwa. Ukuta uliachwa wazi siku mbili upigwe na jua la dirishani. Kisha Fundi akauziba, akaupaka rangi nyeupe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaosha brashi hadi unywele wa mwisho.

Asubuhi iliyofuata, mkewe alipokuwa akimfunika mzee shuka, mzee alisema, "Kumekucha?"

Kikombe kilianguka. Fundi alitoka mbio chumbani kwake, hana hata shati. Ilikuwa sauti ile ile, nzito, iliyonyooka, kila silabi imekaa mahali pake. Alipiga magoti kando ya kitanda akalia kwa kelele, bila aibu, na baba yake akamwambia, "Nyamaza, mwanangu, utaamsha majirani." Majirani waliamka kweli. Walijaa sebuleni hadi mlangoni, na mzee akawasalimu mmoja mmoja kama anatangaza majukwaa. Mkewe Fundi alicheka na kulia kwa pamoja. Plasta ilipotolewa, kidevu hakikuwa na kidonda wala kovu.

Siku ya nne tangu mzee aseme, Fundi alikaa kumnyoa, kwa mashine mpya na wembe mpya. Mzee alimsimulia kisa cha treni ya mizigo iliyosahau mabehewa, wakacheka wote wawili. Kazi ilipokwisha, Fundi aliinuka na mashine, povu na vinywele vikiwa vimejaa kichwani mwa mashine.

"Usiioshe," mzee alisema.

"Nini, Baba?"

"Usiioshe. Ilete hapa."

Alisema kwa upole. Kisha akafungua kinywa, na ulimi ukatoka, ukavuka mdomo wa chini, ukavuka kidevu, bapa, wa kijivu, ukatulia shingoni ukipapasa povu lililobaki.

Ulimi ulirudi ndani, na sauti aliyoililia miezi minane ikaendelea, haina haraka.

"Nina njaa, mwanangu. Mwite yule mama ukipenda. Tutaondoka, na sauti hii tutaondoka nayo. Unataka nilale tena nikitazama dari?"

Jikoni mkewe alikuwa anaimba. Barazani jirani mmoja alibisha hodi, amekuja kumsikia mzee. Fundi aliitazama mashine, uchafu mweupe ukidondoka kwenye vidole vyake. Aliusukuma mlango kwa kisigino ukafungika. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwinua baba yake kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshikia mashine kinywani, kama alivyokuwa akimshikia kijiko cha dawa, huku yeye akitazama ukuta.

Haikuchukua muda.

"Asante, mwanangu," alisema Baba.

Fundi Rangi alichukua kitambaa, akamfuta mdomo.