Tumbo la Miezi Mitano

"Simama wima. Usibane pumzi."

"Unanipima gauni au unanipima uongo?"

Fundi alizungusha utepe kwenye tumbo la mkewe, akausoma, akaurudia tena kana kwamba namba zingebadilika. Alikuwa mshonaji wa magauni ya wajawazito, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Mteja akisimama mbele yake, yeye anamtajia miezi ya mimba kabla hajaambiwa. Wateja walicheka, wakamwita daktari, naye sifa zikampanda kichwani.

"Hili ni tumbo la miezi saba," alisema.

"Ni mitano."

"Mimi nina miezi mitano na siku kadhaa tangu nirudi. Kabla ya hapo nilikuwa ugenini nusu mwaka mzima, nashona sare za kiwanda. Sasa niambie, hiyo miwili ya juu ni ya nani?"

Msusi, mkewe, akakaa kitandani. Kwa wiki kadhaa mumewe alikuwa analala amempa mgongo, chakula anaacha nusu, simu ya dada yake anakwenda kuipokelea nje. Kumbe ndiyo haya!

"Kama wapo wawili je?" aliuliza.

"Kina nani?"

"Watoto. Mteja wangu pale saluni alijifungua pacha, na picha yake ya kwanza ya altrasaundi ilionyesha mmoja. Mwenzake alikuwa amejibanza nyuma."

"Amejibanza! Anamkimbia nani?"

"Usinifanyie mzaha, mume wangu. Napanda ngazi mbili tu nahema. Kulala nalala nimekaa. Mtoto mmoja ndiye ananifanya hivi?"

Simu ya Msusi ikalia, ujumbe umeingia. Ulitoka kwa wifi yake.

"Wifi, mwambie kaka ukweli yaishe. Tumbo halifichiki."

Msusi alisoma, akamgeuzia mumewe simu.

"Kwa hiyo umeshanitangaza kwa ndugu zako!"

"Nilitaka mtu wa kuongea naye."

"Mimi nipo hapa! Mdomo ninao!"

"Basi kesho twende hospitali kubwa, wakupige altrasaundi. Wakiwa wawili, nitakupigia magoti, na dada nitamleta akuombe radhi."

"Na akiwa mmoja?"

Fundi alikunja utepe wake taratibu.

"Utarudi kwenu."

Asubuhi yake Msusi alilala kwenye kitanda chembamba, tumbo limepakwa mafuta ya baridi. Fundi alikaa kwenye kiti pembeni, mikono kaikunja kifuani kama hakimu. Mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani, alisogeza kifaa huku macho yakiwa kwenye kioo cha mashine.

"Angalia vizuri, dada," Msusi alisema. "Hata kule nyuma. Hakuna mwingine amejificha?"

Mpimaji alipitisha tena, pole pole, upande huu na upande ule.

"Hayupo, mama. Mtoto ni mmoja."

Fundi akainuka. Akatoka zake.

Msusi aligeukia ukutani machozi yakimtoka. Alikuwa amemwomba Mungu pacha usiku na mchana, na wala hakuwa na tamaa ya watoto wengi. Alitaka tu kuaminiwa na mwanaume anayempenda. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Fundi kutoka koridoni.

"Nimefikiria. Nimeamua kukusamehe. Mtoto nitamlea kama wangu. Baba yake usinitajie kamwe."

Machozi yalikauka hapo hapo.

"Mama, hebu nisikilize," mpimaji alisema. "Mimba yako ina miezi mitano, na mtoto ana ukubwa wa miezi mitano. Lakini maji yanayomzunguka ni mengi mno."

"Mitano? Una hakika?"

"Mimi napima kichwa na mfupa wa paja. Tumbo la nje halinihusu."

Msusi alimwandikia mumewe: "Rudi ndani. Sasa hivi."

Fundi akaingia na sura ya mtu mwenye huruma zake.

"Umeusoma?"

"Nimeusoma. Umenisamehe kosa gani?"

"Mke wangu, tusiyaongee mbele za watu."

"Wewe uliyaongea mpaka kwa dada yako!" Akamgeukia mpimaji. "Dada, mwambie."

Mpimaji alishusha miwani.

"Kaka, mimba ni ya miezi mitano, haizidi. Tumbo limejaa maji. Mkeo anaumwa, na angeletwa mapema ingekuwa afadhali. Daktari atamlaza leo leo."

Rangi ilimtoka Fundi usoni. Alipiga magoti kwenye sakafu, hakujali nani anamwona.

"Mtoto atapona?"

"Daktari ndiye atakayejua. Moyo wake unapiga vizuri." Mpimaji akatoka kwenda kumwita.

"Nisamehe, mke wangu."

"Wiki zote hizo nakosa pumzi ubavuni mwako, wewe unahesabu miezi."

"Nilikuwa na wivu. Nilikuwa mjinga. Nisamehe."

"Leo siwezi, nisikudanganye. Nitakusamehe, najijua, lakini siyo leo."

Fundi aliinamisha kichwa. "Basi nikakae nje?"

Msusi alitazama kioo. Picha ya mtoto wake ilikuwa imebaki pale, kadogo, peke yake katikati ya maji yote yale. Moyo ukamlipuka kwa hofu ambayo pacha na utepe na maneno ya wifi vilikuwa vimeificha.

"Ukitoka tena mlango huo, usirudi. Kaa hapa. Nishike mkono, naogopa."

Fundi akavuta kiti.